Nanga Tisa Kwenye Slaidi

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya tatu maabara kwa Shangazi. Likizo yote itaishia huku! Mama kasema afadhali nikanuke spiriti kuliko kulala na simu usoni. Shangazi ni mtaalamu wa sifongo — si zile za kuoshea vyombo, zile hai za baharini. Ni wanyama kabisa, ingawa hawana macho, hawana mdomo, hawana neno. ("Basi ni ndugu zako," kasema mdogo wangu. Mshenzi.)

Kazi yangu ni kuyeyusha. Unachukua kipande kama punje ya mchele, unakitia kwenye tyubu, unakimwagia jiki ya kufulia. Nyama inaisha yote. Chini unabaki unga mweupe, na ukiutazama kwa hadubini — vimiiba vya kioo, maelfu! Kila aina ya sifongo ina vimiiba vyake: sindano, nyota, ndoano. Ndiyo kitambulisho chake. Unanyonya tone kwa dropa, unadondosha kwenye slaidi, unasubiri likauke.

Sheria ni moja na Shangazi kairudia mpaka basi: kila sifongo na dropa yake. Ukimaliza, tupa. Vimiiba vinang'ang'ania ndani, huvioni, hata uoshe vipi.

Asubuhi nilifanya chupa ya mazoezi, sifongo ya zamani isiyo na lebo. Nilipewa na Babu Chupa, mzee wa stoo. Ilikuwa na vimiiba vya umbo la nanga. Vizuri mno! Nilitaka kumwita Shangazi aone, nikaona haya.

Mchana, chupa namba 31. Hii ndiyo yenyewe. Ililetwa na meli ya utafiti, kutoka mita mia tisa chini, ambako maji ni baridi kama ndani ya friji. Iko moja tu, haizidi ngumi ya mtoto. Shangazi anashuku ni aina mpya, ambayo haijawahi kuandikwa na mtaalamu yeyote. Alikata kipande mwenyewe, akanipa tyubu. "Wewe una mkono uliotulia," alisema.

Nimemaliza salama.

Alhamisi, 7 Agosti

Shangazi alipiga ukelele mpaka mlinzi akaja mbio. "Nanga! Njooni muone, nanga!" Tisa. Alizihesabu mara tatu. Sifongo za ukoo wa namba 31 hazijawahi kuonekana na nanga, hata moja, popote. Akampigia Profesa, yule bingwa wao wa ng'ambo. Akamkumbatia Babu Chupa! Babu akasema, "Taratibu mama, mbavu zangu nazo ni za kale, zitavunjika kabla hazijaandikwa." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Jana kuna kitu sikukiandika. Hata humu nilikificha, na humu hasomi mtu.

Dropa ziliisha mezani. Boksi jipya liko stoo. Ili ufike stoo unapita kwenye korido, na koridoni walikuwa wamesimama wanafunzi wa chuo sita wakipiga soga. Wavulana wanne. Nilifika mlangoni mara mbili, nikarudi mara mbili. Nikachukua dropa ya asubuhi, niliyokuwa sijaitupa, nikaisuuza kwa maji. Mara tano! Nilijiambia mara tano zinatosha.

Zile nanga nazijua. Niliziona asubuhi ile. Nilijua hata kabla hajamaliza kuhesabu.

Jumamosi, 9 Agosti

Shangazi kaja kula nyumbani. Sahani hazijaondolewa, akasema, "Wifi, kaa kitako nikupe habari." Mama akakaa. "Sifongo yetu nitaipa jina la binti yako. Kwa Kilatini. Miaka ishirini na mbili nawaoshea watu chupa zao, hii ndiyo ya kwanza yangu mwenyewe, na mkono wake umo."

Mama akapiga kigelegele peke yake sebuleni. Mdogo wangu akauliza kama sasa nitakuwa nanyonya maji kwa matundu.

Nilienda msalani, nikafungulia bomba, nikakaa. Mama akasema kwa sauti, "Mwacheni, ndivyo alivyo, akifurahi anajificha."

Akifurahi!

Jumatatu, 11 Agosti

Leo tumeandika maelezo ya sifongo. Shangazi anatamka kwa Kiswahili, mimi nachapa kwa lugha ya shule. Anaijua vizuri, ila anasema akiiandika yeye inakuwa na sura ya ripoti ya polisi. "Umesomeshwa lugha mbili, sasa zifanye kazi."

Rangi: njano iliyofifia, ikiingia kwenye spiriti inakuwa kijivu. Ukiigusa, laini kama ini, lakini uso wake unakwaruza. Matundu ya kutolea maji: manne. Sindano: ndefu, zina kichwa upande mmoja. Kisha — "Nanga: chache, lakini zipo." Nimechapa. Vidole hivi hivi.

Jioni Profesa akaandika. Anauliza, slaidi imerudiwa? Shangazi akaguna. "Nirudie ya nini? Mnyama mwenyewe kiduchu, nikiendelea kumkata nitabaki na chupa. Mjibu: aliyetengeneza slaidi namwamini kama mkono wangu."

Nikamjibu hivyo. Nimeitafsiri sifa yangu mwenyewe, koma kwa koma.

Ningeweza kusema pale pale. Mdomo ulifunguka kabisa. Shangazi akaniuliza, "Unapiga miayo? Nenda nyumbani mama, umechoka."

Jumatano, 13 Agosti

Shangazi alikuwa kikaoni hadi saa nane. Nikaenda stoo. Peke yangu, korido tupu, na bado nilipita mbio.

"Dropa? Boksi zima?" Babu Chupa akanitazama juu ya miwani. "Wiki jana nilikaa nakungoja. Nikasema huyu mtoto ana dropa za mitume, haziishi."

Alinipa boksi. Akasema pia ile chupa ya mazoezi niirudishe, yeye chupa zake anazijua kama wajukuu. Sijui kama ananitega au ni maneno ya mzee tu.

Kisha nimefanya jambo baya la pili. Nimefungua 31 bila ruhusa. Nimekata, punje ya mchele, upande wa chini ambako hakuonekani. Wembe mpya, tyubu mpya, dropa mpya. Nilisikia kama naikata pua ya mtu aliyelala.

Sindano. Sindano, sindano, sindano. Nimepita slaidi nzima, mstari kwa mstari, saa moja na nusu. Hakuna nanga. Hata kipande cha nanga.

Slaidi nimeiweka ndani ya kasha la miwani yangu. Nimefunika chupa. Shangazi karudi na biskuti za kikaoni, kanifichia mbili kwenye leso.

Ijumaa, 15 Agosti

Sijasema.

Shangazi anachora nanga kwa kalamu ya wino, kwa ajili ya makala. Anachora vizuri. Saa nne nzima kwa nanga moja. Jumatatu makala inatumwa.

Biskuti sijala.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimesema. Naandika nikiwa hapa hapa maabara, kwenye stuli, kwa sababu sina pengine pa kuweka macho.

Ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Kila kitu kilikuwa tayari kwenye kompyuta, Shangazi kavaa ile blauzi yake ya bluu ya siku kubwa. Kidole juu ya kitufe. Nikasema, "Shangazi, ngoja."

"Nini tena? Koma imehama?"

Nikatoa slaidi kwenye kasha la miwani, nikaiweka kwenye hadubini. Akainama. Nilihesabu vigae vya sakafu. Nilifika sabini na mbili.

"Hii ya nani?"

"Ya thelathini na moja."

"Nani kaikata?"

"Mimi."

"Lini?"

"Jumatano."

Nilingoja aulize ya dropa. Hakuuliza. Alikunja vidole, kimoja kimoja. "Alhamisi. Ijumaa nachora, na wewe umekaa hapo. Jumamosi. Jumapili."

Hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimejiandaa kwa kosa la dropa. Kwa zile siku nne sikujiandaa kabisa.

Nikamweleza yote: chupa ya mazoezi, boksi, wale wanafunzi. Kwa sauti ambayo hata mimi siipendi.

"Uliona haya kupita mbele ya watu sita."

"Ndiyo, Shangazi."

"Mimi ungenisimamisha mbele ya dunia nzima."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga! Alivua miwani, akaifuta kwa ile blauzi, akaivaa. Akafunga makala kwenye kompyuta. Mchoro wa nanga akautia kwenye droo, hakuuchana. Kisha akarudi kuinama kwenye hadubini. Nikauliza kama bado ni aina mpya, bila nanga. Akasema, "Hizi sindano zina vichwa vya ajabu. Labda. Labda ni mnyama aliyeandikwa miaka mia iliyopita, na mimi ni mpumbavu mwenye blauzi. Usiniulize leo."

Akaniambia niandike nitakachomwambia Profesa. Mimi, si yeye. Nikaandika: sampuli ilichafuka. Akasoma juu ya bega langu.

"Ilijichafua yenyewe? Ilinyanyuka ikafuata dropa?"

Nimefuta. Nimeandika: niliichafua. Niliona haya, nikaichafua, nikanyamaza siku kumi na mbili. Kwa lugha ya shule inaonekana fupi sana.

Profesa yuko darasani, atapiga akitoka. Simu ya Shangazi iko mezani kati yetu. "Ikilia, pokea wewe," kasema. Bado ameinama, anahesabu sindano kwa sauti ya chini, mgongo wake kwangu. Amefika mia moja na nne.

Kioo cha simu kimewaka. Si Profesa. Ni ujumbe wa Mama: Wifi, lile jina la Kilatini linaandikwaje? Nataka kumtumia mjomba wake.

Shangazi kageuka, kausoma. Kausoma tena. Kaisukuma simu kwa kidole kimoja mpaka ikagusa daftari hili.

"Anza na huyo."