Salamu Niliyoshindwa Kuitikia

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni,
S.L.P. 212.
Jumanne, 9 Agosti

Mpendwa Kaka Mkubwa,

Shikamoo kaka. Hali yako? Na goti je? Wifi alituandikia kwamba baridi ya huko huingia kwenye goti lako kabla haijaingia mjini, na kwamba bado unapanda ngazi za karakana ya treni kama kijana, kwa ubishi tu. Punguza, kaka. Ubishi haujawahi kulainisha goti la mtu.

Sisi huku hatujambo. Presha ya shemeji yako imetulia tangu aache chumvi, ingawa akidhani simwoni huichota kwa kidole. Mpwa wako amejifungua tena, mtoto wa kike, mnene, ana sauti ya mpiga mnada. Na mimi nipo na cherehani zangu. Shule zinakaribia kufunguliwa, sare zimejaa hadi kitandani, kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda ujue ni vidole vilivyochoka kushona vifungo.

Barua hii nimempa mkononi nesi jirani yangu anayekuja huko ng'ambo kusoma. Sikuipeleka posta, wala sikukupigia simu. Naona haya hata kukuambia sababu. Mimi, dada wa Rais, naogopa barua yangu isije ikafunguliwa na watu wa mdogo wangu mwenyewe.

Jambo lenyewe linamhusu huyo huyo mziwanda wetu. Na linanihusu mimi zaidi, ndiyo maana nimeanza na kuchana barua hii mara kadhaa.

Unakumbuka alivyoanza. Hakuwa na wa kumwiga ila gavana wa kikoloni aliyeondoka, na huyo hakutaka kumwiga. Kila kitu kilimngoja yeye aamue: alale wapi, aitwe nani, nani aingie kwake bila miadi, sura yake iwekwe kwenye sarafu au isiwekwe. Sarafu alizikataa, akaamuru waweke jembe. Aliniambia siku moja, anacheka, "Dada, hata nikikohoa, kesho utakuta wameandika kwamba rais hukohoa hivi." Lakini nyuma ya kicheko kile alikuwa na hofu ya kweli. Alijua kwamba chochote atakachofanya yeye, watakaokuja watasema ndivyo inavyofanywa.

Sisi ndugu zake alituweka kando mapema. Hakuna wa ukoo kupewa cheo, basi. Mjomba alinuna mwaka mzima kwa sababu alikwisha kushonesha suti ya ubalozi, na aliyeishona ni mimi, kwa hiyo nilinuniwa pia.

Ila kila Jumapili Mziwanda alikuja kwangu. Anaingia chumba cha cherehani, mawaziri wawili watatu nyuma yake wanatafuta pa kukanyaga kati ya vitambaa, na yeye kabla ya lolote: "Shikamoo dada." Nami: "Marahaba mdogo wangu, umekula?" Yule bwana wa sherehe za Ikulu, aliyeachwa na gavana pamoja na samani, tuliyempa jina la Bwana Itifaki, alikuwa akijikunja kama anaumwa tumbo. Alimweleza Mziwanda mbele yangu, kwa adabu zote, kwamba mkuu wa nchi hajiweki chini ya mtu. Mziwanda akamjibu, "Nchi ina rais mmoja, na rais ana dada mmoja. Tuendelee." Kichwa kilinivimba, kaka. Wiki ile nilikata suruali ya mteja miguu yote miwili ya kushoto.

Sasa nikuambie nililolifanya.

Mkwe wangu, yule fundi wa simu, alihamishiwa kituo cha mpakani wakati mpwa wako ana mimba ya kwanza. Msichana analia, mimi nalia, shemeji yako anatoka nje. Nilimwomba Mziwanda hapa hapa chumbani kwangu amrudishe mwenzetu. Alikataa. Alisema akimrudisha huyu hatakuwa na uso wa kumkatalia mwingine. Alisema kwa upole, na alikuwa na haki, nami nilimkasirikia.

Nikapiga moyo konde, nikaenda Ikulu kama raia wengine. Nilidhani labda nikimjia kwenye ofisi yake atalegea. Walinikalisha sebuleni kwenye kiti cha ngozi, zulia jekundu chini, saa kubwa ukutani. Bwana Itifaki akaja kuketi karibu yangu. Akaniambia kuna wageni kutoka nje ya nchi, wapiga picha wapo, na kwamba, "Mama, samahani, humu ndani Rais hana dada." Halafu akaongeza, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba shida za watu wanaojua heshima ya nyumba ile huwa hazikawii kutatuliwa. Nilimwelewa vizuri sana. Nisijifanye sikumwelewa.

Mlango ukafunguliwa. Mziwanda akatoka na wageni wake. Aliponiona uso ukamchanua, na kinywa kikaanza kufunguka kuniamkia mbele ya wote wale. Mimi nikamuwahi. Nikakunja magoti, nikasema, "Shikamoo, Mheshimiwa."

Kaka, mtoto yule nilimlea mimi. Mama alipofariki alikuwa hajaota meno yote. Neno lile nilimfundisha mimi, na nilimfinya sikio kila alipompita mkubwa bila kulisema. Na mimi ndiye niliyesimama pale nikamrudishia.

Alisimama akanitazama kama mtu aliyepigwa kofi. Wageni wanangoja, mawaziri wanangoja, mpiga picha ameinua kamera. Kisha akasema, "Marahaba." Kwa sauti ndogo. Akapita.

Mkwe wangu alirudi mjini kabla mwezi haujaisha. Sikuuliza nani aliyeidhinisha. Picha ilitoka gazetini, mimi magoti yamekunjwa, na chini yake waliandika kwamba hata aliyemlea anatambua utukufu wake. Shemeji yako aliikata ili aiwekee fremu. Nilimtolea macho, akaificha, nadhani iko nyuma ya kabati.

Baada yangu akafuata mjomba. Baada ya mjomba, mwalimu wetu wa darasa la pili, mzee yule, na fimbo yake, uwanjani mbele ya watu wote. Nilikuwa nimekaa jukwaani nikamwona akijitahidi kuinama. Nilitamani kiti kinimeze. Siku zile za mwanzo Mziwanda aliitikia kwa kunong'ona, anatazama chini. Baadaye akawa anaitikia kwa sauti. Siku hizi anatikisa kichwa tu, hata neno hatoi. Na Jumapili akaacha kuja. Nilijidanganya kwamba ni kazi.

Sisemi kwamba salamu yangu moja iliharibu nchi nzima. Sijipi ukubwa huo. Lakini nilikuwa wa kwanza, na katika nchi hii kila cha kwanza kinageuka kuwa utaratibu.

Hata wewe, kaka. Sikuandikii kukulaumu, maana mimi ndiye wa mwisho kumlaumu mtu. Sikukuu ya uhuru iliyopita pongezi zako zilisomwa redioni, tukasikia jina lako na "Mtukufu Rais" humo ndani. Wifi ameniambia ni watu wa ubalozi walioandika, wewe ulitia sahihi tu ukiwa na haraka ya kwenda kazini. Naamini. Lakini niliposikia nilizima redio, kwa sababu nilikuwa nimejiambia kwamba umebaki wewe.

Sasa yamefika hapa. Katiba inampa mihula miwili. Kipengele hicho aliking'ang'ania yeye mwenyewe, wenzake walipotaka kiachwe wazi. Muhula wa pili unakwisha mwakani. Tangu Januari wanamletea watu kwa malori, leo madereva, kesho wakulima, keshokutwa akina mama, wote wanapiga magoti na kumsihi asiondoke kwa kuwa taifa bado changa. Wabunge wamekwisha kufuta kipengele. Imebaki sahihi yake tu, na ana muda hadi mwisho wa mwezi huu.

Juzi Jumapili alikuja. Gari moja. Mlinzi alibaki mlangoni, Bwana Itifaki kwenye ujia, mlango wazi. Amekonda, kaka, redio haiwaambii hilo. Aliketi kwenye benchi la mafundi, katikati ya kola ambazo hazijashonwa, akachukua ile sumaku ninayookotea pini, akaanza kuzoa pini sakafuni kama alivyokuwa akifanya utotoni. Halafu, bila kuinua kichwa, akasema:

"Shikamoo dada."

Miaka mingi sikuwa nimelisikia. Nilichotakiwa kufanya ni kubaki nimekaa na kusema neno moja. Nilimwona Bwana Itifaki ameshika kofia yake, ananitazama. Magoti yakasimama yenyewe. Nikafuta kiti kizuri kwa kanga yangu nikasema, "Karibu Mheshimiwa, hapo utachafuka."

Hakuhama. Aliendelea na pini zake. Akasema amechoka. Akasema, "Wananiambia nikiondoka nchi itavunjika, nami naogopa. Nikibaki, najiogopa mwenyewe. Nifanyeje, dada?"

Jibu nilikuwa nalo. Ninalo tangu Januari, nalipiga pasi pamoja na sare: umemaliza kazi yako, mdogo wangu, rudi nyumbani. Lakini nilimfikiria mkwe wangu na ofisi yake ya mjini. Nilifikiria shule zinazoleta sare kwangu siku hizi, ambazo zamani hazikujua hata mlango wangu uko wapi. Nilimfikiria yule anayesikiliza kwenye ujia. Yote hayo yalipita kichwani kwa muda wa kumeza mate, kisha nikamwambia mtoto niliyembeba mgongoni, "Mheshimiwa ndiye anayejua zaidi."

Alingoja kidogo. Alidhani labda nitaongeza neno. Kisha akaweka sumaku mezani, akavaa koti, akanipa mkono kama wanavyopeana wageni.

"Asante, mama," akasema. Hakusema dada.

Jana asubuhi redio ilitangaza kwamba Mheshimiwa Rais ameshauriana hata na wazee wa familia yake, nao wote wamemwachia uamuzi. Mzee wa familia ni mimi, kaka. Nilikuwa nampima kijana wa shule mabega, mkononi nina futi, na sikuweza kusoma namba.

Usiku na mchana najiuliza kwa nini nisiende tu nikamwambie. Nitakuambia ukweli, unicheke ukitaka. Nimejaribu mbele ya kioo. Nimekaa, nimenyoosha mgongo, nimesema "Marahaba mdogo wangu," na mwanamke wa kwenye kioo hakuniamini. Ameyaona magoti yangu. Na yeye Mziwanda ameyaona, mara mbili. Sina tena pa kusimamia nikamwambia neno.

Kwa hiyo nakuomba uje. Usiandike, watasoma wengine kwanza. Usipige simu. Njoo mwenyewe na goti lako, kabla mwezi haujaisha, na usiende Ikulu. Fikia hapa kwangu. Nitampelekea habari kwamba kaka yake amekuja, na atakuja hapa, hilo nina hakika nalo. Usimwite Mtukufu. Usibishane naye mambo ya siasa, wala usimgombeze, amekwisha kuchoka. Bwana Itifaki nitamfungia nje mimi, angalau hilo nitaliweza, hata akiniandikia gazetini mabaya yote.

Nisalimie sana wifi, mwambie kitambaa chake cha maua kimekwisha kushonwa na kitamkaa vizuri ingawa sikumpima. Wasalimie wanangu wote huko, wakubwa na yule mdogo asiyejua lugha yetu. Mwambie shangazi yake atamfundisha akija. Shemeji yako anakuamkia, mpwa wako anakuamkia, na mjomba anasema bado anangoja ubalozi. Mungu akufungulie njia na akufikishe ukiwa mzima.

Na akiingia, kaka, usisimame. Akikuamkia, itikia.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, ninayekuandikia nimeinamisha uso,

Dada