Kichupa cha Arobaini na Moja

Jumatatu, 3 Machi
Mwaka wa pili wa utafiti. Wagonjwa thelathini na wawili, wote wa umri mkubwa, hakuna mtoto. Miili yao haivunji mafuta fulani. Kasoro hiyo wameirithi kwa baba na mama. Tunatafuta dalili moja tu kwenye damu, ya kutuonyesha ugonjwa kabla haujaingia kwenye mifupa. Leo tena patupu. Mgongo wote unaniuma. Profesa eti mvumilivu hula mbivu. Zetu naona zitaozea mtini!

Jumatano, 5 Machi
Wazima, yaani wasio na ugonjwa, wa kulinganisha nao hawatoshi. Muuguzi kanikamata mlangoni: dada, na wewe si una damu? Kaa hapa. Nikakaa. Kichupa namba 41.

Jumanne, 11 Machi
Tumepata! Aina moja ya mafuta — iko juu kwa wagonjwa wote, chini kwa wazima. Profesa kapiga meza hadi chai ikamwagika. Kisha kidole chake kikasimama kwenye karatasi. Mzima mmoja yuko juu, katikati ya wagonjwa. 41. Akaniuliza, umechanganya vichupa? Nikasema huenda.

Miaka tisa ya kazi ya maabara, sijachanganya hata kimoja.

Jumatano, 12 Machi
Nimerudia mara tatu. Juu. Juu. Juu.

Alhamisi, 13 Machi
Kumbe uchovu huu. Nilidhani ni kazi, nilidhani ni umri. Bafuni nimejibonyeza chini ya mbavu za kushoto, pale bandama za wagonjwa wetu huvimba. Kuna kitu kigumu — au woga wangu tu.

Halafu nikamkumbuka mdogo wangu. Godoro, ndivyo tunavyomwita, kwa kulala. Tumbo mbele, pua kutoka damu ovyo: dalili zile zile za wagonjwa wetu. Mama humwambia uvivu hauna dawa. Jina lenyewe nilimpa mimi.

Ijumaa, 14 Machi
Nimemwambia profesa kweli: 41 ni mimi. Akavua miwani, akaifuta, akaifuta tena. Akasema majibu ya utafiti si majibu ya hospitali, nitapimwa upya, rasmi. Nisijizike mapema. Akauliza, una ndugu?

Nikampigia Godoro. Akacheka: leo mnataka damu yangu? Si mlisema hata damu ya kunipa nguvu za kufua nguo sina! Atakuja Jumatatu. Sababu sikumwambia. Nilishindwa.

Jumatatu, 17 Machi
Kaja. Ngazi za ghorofa moja tu zimemmaliza, kajishikilia ukutani kama mzee. Naandika haya kwenye kona ya meza yangu, mikono ipate la kufanya. Muuguzi anamtafuta mshipa. Godoro ananinong'oneza: kazini wamemwachisha, alikuwa analala akiwa zamuni. Mama asijue.

Nimemweleza sasa. Yote, yangu na yake. Nilidhani atashtuka. Anatazama tu damu yake ikipanda kwenye kichupa.

"Dada," kasema, "kwa hiyo inawezekana si uvivu?"

Inawezekana, nimemwambia.

Anatabasamu! Mtu anaambiwa huenda ana ugonjwa wa maisha, anatabasamu. Muuguzi ananitazama mimi, ananiuliza lebo ya kichupa iko wapi. Naiandika mwenyewe: jina lake halisi, si Godoro.