Sinki la Siri na Makongoro ya Mzee Alawi

Jumatano, 2 Oktoba

Nimeamua. Sinki linaingia jikoni, Mzee Alawi apende asipende! Miaka mitatu nabeba ndoo za maji machafu mpaka nyuma ya uzio. Sahani thelathini za walimu ninaowapikia kila mchana, naosha peke yangu. Mgongo umegoma.

Leo nimemwomba tena. Yeye ndiye mwenye nyumba, anakaa juu, mimi chini. Hapana, kasema. Bomba lisiguswe, marehemu mke wake ndiye aliyesimamia mafundi mpaka likakamilika. Nikasema sawa, baba. Sawa ya mdomoni.

Alhamisi, 3 Oktoba

Fundi nimempata, Ngusa, wa Kiabakari. Wa hapa Kigera siwataki — habari ingefika msikitini kabla ya msumeno.

Kaja, kapima. Bomba la maji ya jikoni na bafuni kwa Mzee linashukia nyuma ya ukuta wa jiko langu kabisa, linapiga kona chini, linaenda shimoni. Choo kina njia yake, namshukuru Mungu. Kazi ni kutoboa ukuta, kukata bomba, kuchomeka tii, kile kiungo cha njia tatu, kupaka gundi. Basi. Kesho, Mzee akienda kuswali Ijumaa.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimeponea chupuchupu!

Saa sita Mzee katoka na kanzu yake. Saa sita na dakika tano Ngusa kaanza kugonga ukuta. Vumbi mpaka kwenye unga wa ugali. Kufika kwenye bomba akaniita: mama, hapa ni chini mno, karibu na kona. Kona ikiziba, maji ya juu yatakuja kukusalimia. Tutoboe upya, pale juu. Nikatazama saa — saa saba na robo. Nikasema weka hapo hapo! Kosa ni langu. Naandika nisije nikamsingizia.

Gundi ikapakwa. Maji yasipite nusu saa, kasema. Mara namsikia Mzee kwenye ngazi! Na akitoka msikitini anaogaga kwanza. Nikapanda mbio. Shikamoo baba, eti zamani ulikuwaga mnunuzi wa pamba kule Bunda? Ilikuwaje?

Ee! Akakaa. Akaanzia Nyasura, akaja kwenye malori yaliyonasa matopeni, akaja kwa mkulima aliyeficha jiwe ndani ya gunia la pamba. Na wewe ukafanyaje, baba? Akacheka — yeye alikuwa ameshaweka kidole chini ya mizani. Mwizi kwa mwizi, kasema, ndiyo biashara.

Saa nzima na robo. Nilipanda kuiba nusu saa, nikashuka nacheka kwelikweli.

Jumamosi, 5 Oktoba

Linafanya kazi! Nimesimama tu nayaangalia maji yakizunguka na kupotea. Nimetundika pazia mbele yake. Mtu akiuliza, nyuma yake kuna stoo.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimesalimiwa.

Nachambua dagaa, nikasikia sinki linakoroma. Maji yakapanda yenyewe. Nilitegemea povu la sabuni. Mafuta! Mafuta ya njano, mazito, na vipande vya kitunguu, na ngozi ya kwato. Nikanusa. Makongoro, supu ya miguu ya ng'ombe!

Mzee Alawi! Anayemwambia kila mtu anakula mchicha wa kuchemsha! Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimempandishia bakuli la mchicha. Bila mafuta, bila chumvi. Nimekufikiria, baba. Akaliangalia kama mtu anayesomewa hukumu. Sikuondoka mpaka akamaliza. Akashukuru kwa sauti ndogo sana.

Saa kumi sinki likakoroma. Mafuta.

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo sicheki. Ikhlas, binti yake, kanipigia kutoka Mwanza. Dada Judith, baba anakula nini? Mwaka jana presha ilimpinda mdomo, wiki mbili hakutamka neno. Mafuta na chumvi daktari alikataza. Nikajibu: anakula mchicha. Si uongo, jana alikula! Lakini nilipokata simu nilijiona mdogo kama kisamaki furu wa kukaanga.

Nikisema kweli ataniuliza nimejuaje. Nitafukuzwa. Na walimu wangu nitawapikia wapi? Nikinyamaza — akianguka je?

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimefika katikati ya ngazi mara mbili. Nimerudi mara mbili. Ikhlas anakuja kesho, ana mapumziko mpaka Jumatatu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Ikhlas kafika saa nne, kaingia jikoni kwa baba yake, kaanza kuosha kila sufuria. Kila sufuria! Kona ikaziba kwa mafuta ya wiki nzima. Kwangu sinki likajaa, likamwagika, maji yakatoka mlangoni mpaka uani.

Mzee kayaona. Kaja bila hodi, kafunua pazia. Akaliangalia sinki. Akayaangalia mafuta. Akaniangalia mimi.

"Judith. Umelitoboa bomba la marehemu."

"Ndiyo, baba. Na wewe unalijaza makongoro."

Ikhlas akaita kutoka juu: "Baba, kuna nini huko?"

"Hakuna kitu!" Tulijibu pamoja.

Akakunja mkono wa kanzu, akaanza kuchokonoa tundu kwa mwiko wangu wa ugali. Kwa sauti ya chini akaniambia, tangu mkewe afe kila chakula kina ladha ya dawa. Makongoro tu ndiyo yanamkumbusha kwamba katika nyumba hii kuliwahi kupikwa. Nikamwambia, baba, utakufa, na mimi nitakuwa nilijua. Mwiko ukasimama.

Ndipo Ikhlas akashuka.

Sasa amekaa kwenye kiti changu, miguu juu ya stuli, anatuangalia kwa zamu. Anasubiri maelezo. Mzee kaninong'oneza nianze mimi. Nimemnong'oneza aanze yeye.

Naandika haya juu ya friji, nimewapa kisogo. Wanadhani natafuta namba ya fundi. Ya Ngusa naijua kwa kichwa.

Mzee anakohoa. Anafuta mikono kwenye kanzu — kanzu nyeupe!

"Ikhlas, mwanangu," anasema, "huyu Judith…"