Kila Masaa Mawili Namgeuza Somoe

Jumatano, baada ya adhuhuri. Mvua ilinyesha asubuhi ikakata, sasa jua linachoma na uwanja unafuka mvuke kama sufuria ya wali. Moyo wangu uko juu. Mwili sijauuliza.

Jana nimelala masaa matatu. Si matatu ya pamoja, ni ya vipande vipande. Juzi vile vile. Mwezi wa nne huu nalala hivyo, na nipo, natembea, nalima, naandika. Watoto wa bodaboda pale stendi ya Kibiti wana miaka ishirini na kidogo, lakini saa sita mchana utawakuta wamelala juu ya pikipiki zao, mdomo wazi, nzi anaingia anatoka. Mimi nna miaka sabini na tatu. Watu waandike hilo. Wasipoandika, nshaandika mwenyewe.

Naandika kwa kidole kimoja. Kusoma nilisomea ngumbaru, mtu mzima na ndevu zangu, na mwalimu alisema hajaona kichwa kama changu. Ukurasa huu kanifungulia mjukuu. Simu inanipigia mistari myekundu chini ya maneno, eti nimekosea. Simu ya juzi juzi tu inanifundisha mimi Kiswahili.

Kwa asiyejua habari zangu: mke wangu Somoe kapigwa na kiharusi mwezi wa saba. Alikuwa kakaa kibarazani anapepeta mchele, ungo ukamtoka mkononi, akaangukia upande. Kulia kote kukafa, mkono na mguu. Ulimi ukawa mzito. Sasa anasema neno moja moja, na hilo moja analichagua vizuri.

Tulipotoka hospitali, nesi wa zahanati yetu akaniambia, "Babu, bibi hawezi kujigeuza. Mgeuze kila baada ya masaa mawili, mchana na usiku. Akilalia upande mmoja ngozi inakufa, kinatoka kidonda, na kidonda hicho kinaua watu kuliko kiharusi chenyewe."

Nikamjibu, "Mjukuu wangu, kazi hiyo umempa mwenyewe."

Basi namgeuza. Kwanza anaelekea mlangoni, kisha chali, kisha anaelekea ukutani. Naweka mto wa sufi katikati ya magoti, mwingine mgongoni, kisigino kinaning'inia kisiguse godoro. Simvuti mwili, navuta shuka aliyolalia, taratibu, naye anakuja nayo. Nikimaliza nachora mstari mmoja wa mkaa ukutani. Ukuta wa chumba chetu sasa umejaa mistari kutoka dirishani mpaka kwenye sanduku. Kila mgeni akija namwingiza aone. Wengine hawajaomba kuona.

Nitaamkaje kila masaa mawili? Binti yetu Zainabu, anayeishi Mbagala, alinitegea simu iwe inalia. Ikaniamsha siku mbili. Siku ya tatu mkono wangu ukajifunza kuizima bila kunishirikisha. Nikaachana nayo, nikarudi kwenye elimu yangu ya zamani.

Ujanani nililinda mpunga kule Mbwera, misimu mingi siihesabu. Unakaa juu ya dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa, na nguruwe anasubiri usinzie tu. Wenzangu walikuwa wanaimba ili wasilale. Mimi nilikuwa nakunywa maji. Kopo moja kabla ya kujinyoosha, na baada ya masaa mawili kibofu kinakuamsha, utake usitake. Nikishuka kwenda haja, nguruwe ananisikia anakimbia. Kazi mbili kwa kopo moja. Shamba langu halikuliwa hata shuke.

Na sasa ni mzee, elimu ile imekuwa kali zaidi. Simu inazimwa. Kibofu hakizimwi.

Sisemi kwamba usingizi hauniandami. Unaniandama mchana kama mtu anayenidai. Nimetia chumvi kwenye chai. Nimekwenda dukani nikasimama, nikasahau nimefuata nini, nikanunua kiberiti kwa heshima ya duka. Ijumaa iliyopita niliingia kwenye sijida nikabaki huko huko. Watu wakainuka, wakakaa, wakatoa salamu, mimi paji la uso liko kwenye mkeka. Jirani yangu Mzee Shomari akanitikisa.

"Ndugu yangu, swala imekwisha. Au na sisi tukusalie?"

Nikamwambia nilikuwa na dua ndefu.

"Tumeisikia," akasema. "Ilikuwa inakoroma."

Msikiti mzima ukacheka. Nilicheka na mimi. Mtu anayemuuguza mke wake peke yake ana haki ya kukoroma mbele ya Mola wake.

Lakini leo sikuja kuandika hayo. Nimekuja kuandika la Jumapili.

Jumapili nilipalilia mihogo nyuma ya nyumba, jua la utosi. Kila muda ukifika naacha jembe, naingia, namgeuza, natoka. Jasho lilinitoka mpaka kanzu ikasimama yenyewe. Usiku nikamgeuza akaelekea ukutani, nikanywa kopo langu, nikajinyoosha kwenye mkeka kando ya kitanda chake. Kumbe mwili ulikuwa mkavu kama gunzi. Maji yale yote yakanyweka. Kibofu hakikupata hata tone la kuniamshia.

Nikafumbua macho, adhana ya alfajiri.

Usiku mzima. Upande mmoja.

Nikawasha taa, nikamgeuza. Kwenye nyonga pale ngozi ilikuwa imeiva, nyeusi kuliko kwingine, pamevimba, na nilipoweka kiganja palikuwa pa moto. Somoe alikuwa kafumba macho. Na hapo nikafanya jambo la aibu. Nikachukua mkaa, nikachora mistari mitatu ukutani, ya zile mara tatu ambazo sikuamka. Nikaipanga vizuri na wenzake.

Kwa nini? Kwa sababu Zainabu na mimi tulikubaliana. Tangu mwanzo alitaka kumchukua mama yake Mbagala. Nikakataa. Tukabishana kwenye simu mpaka salio likaisha, akapiga tena tukaendelea. Mwisho akasema, "Sawa, baba. Lakini ngozi ya mama ikiharibika, mahali popote, nakuja kumchukua. Siku hiyo sitaki ubishi."

Nikasema haiharibiki.

"Na ikiharibika?"

"Nimekwambia haiharibiki."

Nikasema kwa kinywa kipana. Lakini ukweli ni huu, na nauandika hapa kwa sababu hakuna anayenitazama: nyumba isiyo na Somoe siijui. Miaka arobaini na sita. Sijui hata chumvi inakaa wapi, nadhani ndiyo maana niliitia kwenye chai.

Leo asubuhi ndiyo ilikuwa siku ya nesi kuja kumtazama. Na Zainabu, bila kuniambia, kashuka kwenye basi la kwanza kutoka Mbagala. Kaja na begi kubwa, tupu. Nililiona linavyopepea mkononi mwake. Begi tupu si la kujia, ni la kuondokea.

Wakaingia chumbani wote wawili. Zainabu akasimama mbele ya ukuta wangu muda mrefu.

"Baba, hii yote ni kumgeuza mama?"

"Yote."

"Usiku na mchana?"

"Usiku na mchana."

"Hujaruka hata mara moja?"

Hapo ningeweza kusema kweli. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Lakini mimi nikivimba kifua hakishuki haraka. Nikasema, "Mwanangu, unaongea na nani? Hata moja! Muulize mama yako."

Lile la mwisho nililitaka la nini?

Somoe alikuwa kalala chali. Akafumbua macho, mdomo ukahangaika upande mmoja, tukasubiri.

"Kalala," akasema.

Zainabu akanigeukia. Somoe akainua mkono wake mzima, wa kushoto, akanyoosha kidole kwenye mistari yangu mitatu. Ile ile. Na mimi ndiyo nikakumbuka kwamba usiku ule alikuwa ameelekea ukutani, na alfajiri nilipochora alikuwa chali, macho yanaweza kufumbwa nusu. Aliniona na mkaa mkononi.

Sikuwa na pa kwenda. Nikasema yote mbele yao, mihogo, jasho, kopo, adhana, mistari ya uongo. Nesi akafunua khanga, akapapasa nyonga kwa vidole. Zainabu akanipita. Akaenda kwenye sanduku la mama yake, akafungua, akaanza kutoa khanga moja moja na kuzitia kwenye begi.

Nimesimama mbele ya nguruwe dume na rungu tu mkononi. Sikuogopa kama nilivyoogopa leo kwa kuona zile khanga.

Mara Somoe akasema tena. "Macho."

Zainabu akasimama na khanga mkononi. "Nini, mama?"

"Macho." Akajigusa kifuani. Kisha akaninyooshea kidole mimi. "Nkamwacha."

Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nilipandisha hasira. Alikuwa macho! Usiku ule wote alikuwa macho, ananisikiliza! Nimemwekea kijiko na kikombe cha bati karibu na mkono wake mzima, akitaka kitu agonge, na anagonga hata kwa mbu mmoja. Usiku ule hakugonga. Akaacha nyonga yake iungue ili mimi nilale.

Nikamfokea. Mbele ya mgeni, ndiyo. "Nani kakwambia nimechoka? Nilikuomba mimi? Nilikuomba?"

"Wakoroma," akasema Somoe, na ule upande wa mdomo unaofanya kazi ukacheka.

Zainabu akakaa juu ya sanduku akalia. Kisha akajifuta kwa khanga ya mama yake, akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, twende Mbagala? Useme wewe mwenyewe."

Somoe akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama mtu anayetazama kuku sokoni.

"Huyu je?" akasema.

Mimi nikageuka nikatazama nje. Kulikuwa na jambo uwanjani la kutazama, sikumbuki nini.

Nesi akamaliza kupapasa. Akasema ngozi haijapasuka. Joto limebaki kidogo, uvimbe si mkubwa, asilalie upande ule siku tatu, na siku ya nne atakuja kuutazama tena. Kisha akasema neno ambalo nitakufa nalo. Alisema, "Dada, nna wagonjwa wenye watoto sita ndani ya nyumba, na wana vidonda vya kuingia ngumi. Huyu anauguzwa na mzee mmoja, miezi minne, na hana."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba arudie tena, kwa sababu Zainabu alikuwa anapenga kamasi, labda hakusikia vizuri.

"Nimesikia, baba," akasema Zainabu.

"Lakini, babu," nesi akaendelea, "ukianguka wewe nitakuwa na wagonjwa wawili kitanda kimoja. Mwili wa mtu unalala. Huo si uvivu."

Khanga zikarudi sandukuni. Zainabu akatoa hukumu: kila wiki ya pili atakuja siku tatu, na siku hizo mimi sigusi shuka, nalala kama watu. Nikabisha. Nikasema masaa matatu yananitosha. Nikabishiwa na wanawake watatu, mmoja wao hasemi hata maneno mawili kwa pamoja, na yeye ndiye aliyenishinda.

Nesi alipoondoka na Zainabu akaenda kupika, nilichukua kitambaa kibichi nikafuta mistari mitatu. Imebaki alama ya majivu. Iache ibaki. Mistari mingine yote ni ya kweli na inatosha, nani mwingine Kibiti hii anayo?

Sasa nimepelekwa chumba cha pili, mchana kweupe, mlango umerudishwa, eti nilale. Mzee wa miaka sabini na tatu analazwa kama mtoto mchanga. Nimelala chali, nimefumba macho, nimefumbua. Godoro lipo, kivuli kipo, ruhusa ipo. Usingizi uliokuwa unanifuata mpaka dukani leo umeniona niko tayari, ukapita.

Muda wa kumgeuza umefika. Sihitaji saa, najua. Ukuta baina yetu ni mwembamba, namsikia Zainabu anahesabu moja, mbili, tatu. Namsikia anahema. Haikwenda. Anahesabu upya.

Najua anamvuta begani. Bega la kulia halivutwi, ndilo lililokufa, linachomoka. Shuka! Vuta shuka, mwanangu, mwili utakuja wenyewe.

Nimeahidi sitagusa. Kusema sikuahidi.

Naweka simu chini, naenda kusimama mlangoni nimfundishe kama nilivyofundishwa. Akishajua, nitalala. Naona hata mimi, leo, nataka ajue.