Kernel Mpya Iliyokataa Kuusoma Mguu wa Rashidi

Jumatano, Newala.

Baridi ya Julai haijatoka huku juu tangu asubuhi, na upepo unaleta harufu ya salfa, ile dawa ya unga inayopulizwa kwenye mikorosho. Kila mtu amejikunyata. Mimi nimevua sweta, nina joto la hasira.

Ngoja niimwage hapa, la sivyo silali.

Kuna kituo kidogo cha afya, jina nalihifadhi, ambacho mimi ndiye fundi wao wa kompyuta. Wana mashine ya eksirei ya msaada, ile ambayo watu wameitumia kwao mpaka wameichoka ndipo wakatukumbuka sisi. Picha zake zinatunzwa kwenye boksi la chuma lililokuja nayo. Boksi hilo ni la zamani, na linajua njia moja tu ya kutoa mafaili yake kwenye mtandao wa ndani: NFS, toleo la pili. Msimu wa salfa tunalifunika kanga ili unga usiingie. Halijatuangusha hata mara moja.

Wiki iliyopita mtaalamu mmoja wa Dar, wa kampuni iliyotuuzia kompyuta ya kusomea hizo picha, aliingia kwa mbali akasasisha mfumo mzima. Hakumuuliza mtu. Ikaja kernel mpya, yaani kile kiini cha mfumo kinachoamua kompyuta ielewane na nani, na ndani yake toleo la pili la NFS limezimwa. Boksi linawaka taa zake vizuri tu, ila kompyuta hailitambui tena.

Nikampigia simu. Akacheka.

"Dada, hiyo ni makumbusho. Tupeni, mnunue jipya."

Tupeni! Kama vile ndani mna maganda ya korosho.

Ndani mna mguu wa Rashidi. Rashidi ni kijana wa Chilangala, mtoto wa pili wa Mama Zainabu. Ana uvimbe kwenye mfupa, chini ya goti. Daktari wa hospitali ya Ndanda aliuona kwenye picha mpya akauliza swali moja: je, ulikuwepo kwenye picha aliyopigwa hapa kituoni miaka ya nyuma, alipoanguka kutoka juu ya mkorosho? Kama ulikuwepo na haujakua kupita mwili wake, waache. Kama umekua kupita hapo, Ijumaa aingie chumba cha upasuaji, na hakuna aliyethubutu kumwahidi mama kwamba watakata uvimbe peke yake.

Kwa hiyo Jumatatu Mama Zainabu alikaa kwenye benchi la kituo na mwanawe, wanasubiri nifungue kitu ambacho mtu wa Dar amekifunga kwa kubonyeza kitufe.

Nilipakua msimbo wa kernel ili niijenge upya mwenyewe. Kwenye orodha ya mipangilio nikaikuta NFS ya toleo la pili imezimwa, na maelezo yake yanashauri kwamba usipokuwa na uhakika, kataa. Mimi nilikuwa na uhakika. Nikaiwasha. Jana ikashinda ikijijenga, umeme ukakatika katikati, nikaanza tena.

Leo asubuhi nikaiwasha kompyuta na kernel yangu. Boksi likakataa.

Nakiri, kwa muda nilimwamini yule bwana. Nililitazama lile boksi na kanga yake nikasema labda kweli limekufa, na mimi najipa matumaini ya bure mbele ya mama wa watu. Kisha nikarudi kusoma mipangilio mstari kwa mstari, na nikakikuta kikwazo. Kumbe kuna swichi ya pili, ambayo kazi yake ni kuzima UDP, mtindo wa zamani wa kusafirisha data. Watengenezaji wa kernel wameiacha imewashwa. Boksi langu linajua UDP tu! Ilibidi nikizime kizimio. Nani anatunga mambo haya, na anamtungia nani?

Nikajenga tena, safari hii kile kipande kilichobadilika tu, nikawasha, nikatoa amri ya kuunganisha. Mafaili yakamiminika. Nilipiga kelele hadi muuguzi wa chumba cha pili akauliza kama nimepigwa shoti.

Nikaandika jina la Rashidi.

Hakuna.

Nikaandika jina la baba yake, nikajaribu na la kijiji. Wakaja watoto wengi, Rashidi hakuna. Nikamuuliza Mama Zainabu, aliyekuwa amerudi benchini na mwanawe tangu asubuhi, kama ana hakika ni kituo hiki. Akasema ana hakika, kisha akainamisha macho akawa anakunja pindo la kanga yake. Rashidi alikuwa amekaa pembeni yake.

"Rashidi, hebu nenda kanitazamie kama gari letu limefika," alisema mama yake.

Gari la saa hizo halipo, na wote tunajua. Kijana akatoka, anachechemea. Ndipo mama akasogea sikioni kwangu.

"Mwanangu, picha ile alipigwa kabla hajaingia jandoni."

Nilitamani kujipiga kofi. Mimi ni wa hapa hapa! Kwetu kijana akitoka jandoni anatoka na jina jipya, na lile la utotoni linabaki huko. Kumwita nalo mbele za watu ni kumtukana. Mama huyu alikuwa amelibeba jina hilo mdomoni tangu Jumatatu, anaogopa kisu, na bado hakuweza kumvunjia mwanawe heshima mbele yangu. Akanitajia kwa sauti ya chini sana.

Siliandiki hapa.

Picha ikafunguka: mguu wa mtoto, mdogo, na uvimbe pale pale. Niliituma Ndanda, kisha nikalifuta jina kwenye kisanduku cha kutafutia kabla Rashidi hajarudi kusema gari halipo.

Mchana jibu likaja. Uvimbe ni ule ule, umekua kwa kadiri mtoto alivyokua. Hakuna kukata. Arudi kuangaliwa baada ya msimu wa korosho. Mama Zainabu alikaa chini sakafuni akalia kwenye kanga, na Rashidi akasimama pale hajui afanye nini na mikono yake.

Ningependa yule mtaalamu angekuwepo aone. Sisi tunaacha jina la zamani kwa sababu tunamheshimu mtu alivyo sasa. Lakini mtoto aliyekuwa na jina hilo hatumtupi. Mama yake anajua alipo, na siku akihitajika anatajwa, kwa adabu, sikioni. Wao wanazima, wanacheka, wanasema nunua.

Jioni hii mtaalamu huyo ameniletea ujumbe: yaja sasisho jingine, tusiguse chochote.

Nimegusa. Nimefunga njia yake ya kuingilia, yote. Ukijijengea kernel unaruhusiwa kuipa jina ulitakalo, na hii nimeiita rashidi, jina la mtu mzima.

Kesho atapiga simu kuuliza kwa nini haingii. Nitamwambia apande basi aje Newala, abishe hodi kama watu wengine.