Nati ya Mnyororo wa Kushoto

Toamasina, Jumapili asubuhi

Kwako Kaka Tombozafy,

Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama hapo Vavatenina, wewe, shemeji na watoto, na kwamba kifua cha mama kimetulia. Mwambie dawa yake nimempa dereva wa lori la karafuu. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio umechafuka, tangu Jumatatu ile Bwana Andriamparany alipokufukuza mbele ya watu, akidai umeiharibu kwa makusudi foklifti uliyokuwa ukiinulia mizigo ghalani. Hata muuza vitumbua ananiuliza kama ni kweli ndugu yangu anahujumu mali za watu.

Unakumbuka Bwana alinipa mimi, mtunza ghala wake, kazi ya kuchagua karakana itakayotutunzia foklifti mwaka mzima, nikaita mafundi watatu waje kuikagua siku hiyo. Wewe uliambiwa ukae nje ya geti, kwa hiyo hukuona uchafu nilioushuhudia.

Wa kwanza alikuja na shati la pasi, ananukia marashi kushinda karafuu zetu. Kuinama hakuinama. Alilipiga gurudumu teke, akasema injini imekufa, tununue nyingine, na eti kwa bahati njema shemeji yake anayo. Injini yenyewe wakati huo inanguruma.

Wa pili anaitwa Botralahy, na huyo, kaka, alinitia kichefuchefu. Alichovya kidole kwenye mafuta ya haidroliki, akakilamba, akatema mate juu ya gunia la karafuu, kisha akasema mafuta bado yanafaa. Akapaka rangi nyeusi juu ya kutu ya mnyororo wa kuinulia, akabandika karatasi ya kuonyesha amekagua, halafu akakaa kwenye kiti chako na kula nundu ya ng'ombe ya kukaanga. Usukani aliuacha unateleza shahamu. Niliufuta mwenyewe. Bwana alisimama naye akicheka, akisema huyu ndiye mtu, hana maringo.

Wa tatu alikuwa mama wa makamo, fundi Voahirana. Aliomba uma wa kubebea mzigo uinuliwe, akamulika tochi, akaipima minyororo yote miwili kwa rula. Dakika kumi hazikufika, akasema nati ya mnyororo wa kushoto imelegezwa, pini ya kuifunga haipo, na alama za spana bado mpya. Akasema mtikisiko haufanyi hivyo, huo ni mkono wa mtu.

Hapo ndipo Bwana alipokukumbuka. Alfajiri ile ulikuwa umeshusha mzigo katikati ya kazi, ukamwendea ukamwambia mashine inachechemea upande wa kushoto. Akauliza kwa sauti, huyu alijuaje kwa kusikia tu, kama si yeye aliyelegeza? Mengine unayajua. Uliitwa ndani, kisha ukafukuzwa pale kwenye mzani, wanawake wanaochambua karafuu wakikutazama, nami nimesimama na daftari mkononi.

Kaka, nati ile niliilegeza mimi.

Jumapili iliyopita, siku moja kabla ya mafundi kuja, baada ya kanisa niliingia na spana, nikaizungusha mara tatu, na pini nikaitia mfukoni. Nilitega mtego, nikisema atakayeuona ubovu ndiye fundi wa kweli. Nilijiona mjanja. Sikufikiri kwamba lori lingewahi, nawe ungeinua mzigo kabla sijafika. Magunia yale yangemponda mtu. Na jina lako lilipotajwa nikanyamaza, maana nilikiogopea kiti changu. Ulipokuwa unatolewa, pini ilikuwa mfukoni mwangu, naichezea kwa vidole. 

Jana fundi Voahirana, ambaye ndiye niliyemchagua, alikuja kutia saini mkataba. Kabla hajashika kalamu, akaomba kuonana na dereva aliyeugundua ubovu kabla yake. Basi nikaitoa pini, nikaiweka mezani, nikasema yote. Unajua Bwana alifanya nini? Alicheka. Akanipiga bega, akasema kumbe nina akili kiasi hiki. Kuhusu wewe, akasema hawezi kula matapishi yake mbele ya wachambuaji. Yule mama akasimama, akasema penye kumfukuza anayetaja ubovu yeye hana cha kutengeneza, akaenda zake. Bwana akaniamuru nimpigie simu Botralahy.

Sikumpigia. Nilikwenda pale pale kwenye mzani, nikawaambia wachambuaji ni nani aliyelegeza nati. Bibi mmoja akatema mate karibu na kiatu changu, na sikumlaumu. Kisha nikarudi kuweka funguo za ghala mezani kwa Bwana.

Nilimkuta fundi Voahirana getini. Anwani ya karakana yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Anataka uende ukafanye naye kazi. Mimi hakuniita.

Pini nimeitia ndani ya bahasha, uishike mwenyewe. Nilihangaika kutafuta mtu mmoja tu wa kuuona ubovu ule, na wewe ulikuwa umekwisha kuuona, kwa masikio tu, kabla fundi yeyote hajafika.

Shemeji na watoto nawasalimu wote. Mama msalimie sana, ila usimsomee haya mpaka apone. Na jibu lako, kaka, liandike siku utakayotaka, au usiliandike.

Ni mimi mdogo wako,
Jaovelo