Uzi wa Mkono wa Kushoto

Nyumba ya pembeni,
Nyuma ya kiwanda cha mbao,
Jumatano alasiri.

Mpendwa mpwa wangu Kidoti,

Pokea salamu nyingi za mjomba wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkwe wangu, pamoja na huyo mjukuu anayeota meno. Homa yake imeshuka? Usimkasirikie akilia usiku. Mama yake alipoota ya kwake alitukesheza nyumba nzima, na hakuna aliyemshtaki.

Mimi sijambo, isipokuwa goti, ambalo siku hizi linaniarifu hali ya hewa kabla ya redio. Mama yako yu hai, anakula, na asubuhi hii amenigombeza kwa kuacha dirisha wazi. Mengine kumhusu nitakueleza taratibu, maana ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Najua kaka yako amekupigia simu. Aliyokuambia nayajua, kwa sababu aliniambia mimi kwanza: mwisho wa mwezi atakuja na gari amchukue mama yenu, akakae kwake ghorofani, katika chumba ambacho tayari kimepakwa rangi. Anachosubiri ni wewe kukubali. Ninakuomba usimjibu kabla hujafika mwisho wa barua hii. Unanifahamu, nimefundisha maisha yangu yote na sijui kueleza jambo kwa mkato. Kwa hiyo chemsha chai, ukae.

Tangu kiharusi kile, mkono wa kulia wa mama yako umekuwa kama mgeni aliyekuja kushinda tu: upo nyumbani, lakini haushiki kazi. Yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye mama yako anamwita Bibi Nyoosha, alimletea mpira wa kuminya. Mama yako akausukumia chini ya kitanda. "Mimi si mtoto wa kuchezea mpira," alisema, na mpira umekaa huko mpaka leo.

Halafu siku moja akaomba kijiti chake cha kusokotea, kile chenye kigurudumu cha mbao karibu na ncha. Wewe ulikulia chini ya miguu yake akisokota sufu, lakini utakumbuka kwamba kazi ile inataka mikono miwili: mmoja wa kuzungusha kijiti, mwingine wa kushika sufu. Tukatafuta njia. Kijiti kikasimamishwa ndani ya kibakuli juu ya meza, ili kisianguke. Sufu nikamviringishia kwenye mkono wa kulia, uliolala tu mezani kama kigingi. Mkono wa kushoto ukazungusha kijiti, ukakiacha kikizunguka chenyewe, ukapanda haraka kuvuta uzi kabla hakijasimama.

Uzi wa mwanzo ulikuwa mwembamba hapa, umevimba pale. "Huu si uzi," akasema mwenyewe, "huu ni mjusi aliyemeza mayai." Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini hakuacha. Msimu wa joto ulipoanza uzi ulikuwa umenyooka. Na joto lenyewe, mwanangu, ni adui wa kazi hii: kiganja kikitoa jasho, sufu inanata kama gundi. Kwa hiyo akawa anasokota asubuhi, miguu kwenye sakafu ya saruji, na poda ya mtoto kiganjani. Bibi Nyoosha alikuja siku moja, akainama, akatazama mkono wa kulia, kisha akaniita pembeni. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vimeanza kuibana ile sufu vyenyewe. Hakuna aliyeviamuru.

Anachotengeneza ni shali yako. Anataka ikufikie kabla ya baridi ya huko kuanza.

Sasa sikiliza sehemu ngumu. Uzi mmoja peke yake hautoshi kwa shali. Unachukua nyuzi mbili, unazisokota pamoja ziwe moja. Kabatini kulikuwa na madonge ya uzi aliyousokota kabla ya kuugua, uzi wa sufu ileile ya kahawia. Akataka tuunganishe ule wa zamani na huu mpya. Kazi ya kuunganisha hawezi kwa sasa, basi naifanya mimi, kwa namna alivyonifundisha nilipostaafu na kuanza kumsumbua jikoni.

Tukaifanya Jumapili moja, kama wiki mbili zilizopita, kaka yako akiwepo. Naye alikuja kwa moyo mzuri, usimfikirie vibaya. Alivuta kiti, akasema, "Haya mama, tuone maajabu."

Uzi ukajikunjakunja, ukawa mgumu kama waya, ukakatika. Nikaufunga fundo. Ukakatika tena. Kila ulipokatika, uliokatika ulikuwa mpya, ule wa mkono wa kushoto. Wa zamani ulibaki mzima. Kaka yako akaokota vipande viwili sakafuni, akavitazama muda mrefu.

"Mama, umechoka," akasema. "Hakuna ubaya. Umefanya kazi vya kutosha."

"Sijachoka."

"Uzi wenyewe haushiki, mama."

Mama yako aliweka kijiti dirishani, nyuma ya pazia, akaomba asaidiwe kwenda kulala, na jua bado liko juu.

Kaka yako alinifuata uani. Nitakuandikia maneno yake kama yalivyo, kwa sababu si ya kipuuzi. "Mjomba, aliteleza bafuni wiki iliyopita na hukuniambia. Nimeyapata kwa jirani. Nyinyi nyote wawili mmezeeka. Siku mmoja wenu akianguka, nani atamnyanyua?" Ni kweli aliteleza. Hakuumia, lakini aliteleza, na nilimnyanyua kwa shida. Kwa kaka yako, ule uzi uliokatika ulikuwa ushahidi wa mwisho. Akasema ukikubali wewe, mwisho wa mwezi anakuja.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa nzito. Mama yako alikula kwa sababu nilikaa mbele yake mpaka ale. Bibi Nyoosha alipobisha hodi aliambiwa arudi mwakani. Nililoliogopa zaidi ni ule mkono wa kulia. Uliwekwa mapajani, na mapajani ukabaki. Vile vidole viwili vikaacha kubana.

Nami nikawa nasumbuliwa na swali la kimwalimu. Uzi dhaifu hukatika kwa kulegea, nyuzinyuzi zinaachana polepole. Huu ulikatika ukiwa mgumu. Kwa nini? Nikavichukua vipande vile na kipande cha uzi wa zamani, nikakaa meza ya chakula karibu na mwanga, nikaanza kuvifungua kwa vidole. Wa zamani ukafunguka nilipougeuza kushoto. Mpya nikaugeuza kushoto, ukazidi kukaza. Nikaugeuza kulia, ukafunguka.

Nilisimama ghafla hata nikakipiga kiti. Fikiria unavyozungusha kitu kwa vidole. Mkono wa kulia, bila kufikiri, hukizungusha upande mmoja. Mkono wa kushoto hukizungusha upande wa pili. Maisha yake yote mama yako alisokota kwa kulia, na uzi wake ulielekea upande mmoja. Sasa anasokota kwa kushoto, na uzi umegeuka. Unapounganisha nyuzi mbili, unazisokota pamoja kinyume cha zilivyosokotwa mwanzo. Kila mmoja unalegea kidogo, unamkumbatia mwenzake, na hapo ndipo nguvu inapopatikana. Mimi niliunganisha kwa namna ileile ya zamani. Uzi wa zamani ukalegea vizuri. Mpya, ambao tayari ulikuwa umesokotwa kuelekea huko, ukazidi kukazwa na kukazwa mpaka ukakatika. Haukuwa dhaifu hata kidogo. Ulionewa.

Wazo likaja hapohapo: nyuzi mbili zote za kushoto, ziunganishwe kwa kugeuza kulia. Tatizo likawa kwamba sufu ilikuwa imekwisha, na bila ya kuona kwa macho mama yako asingeniamini. Nikavaa kofia nikaenda madukani katika jua lile.

Ukitaka kuchekwa, nenda ukanunue sufu msimu wa joto. Duka la kwanza walikuwa na nyuzi za kiwandani tu, za rangi za pipi. La pili lilikuwa limefungwa. La tatu ni lile jembamba lililo kando ya fundi viatu, na mwenye duka, mama mmoja mnene mwenye feni mbili, alinitazama kutoka kofia mpaka viatu.

"Babu, sufu kwenye joto hili? Unamfumia nani, jokofu?"

"Ni ya dada yangu."

"Basi dada yako ana baridi yabisi. Nina pamba nzuri hapa, nyepesi, inapumua."

Nikamweleza kwamba nyuzinyuzi za pamba ni fupi, zinaponyoka upesi, na dada yangu anasokota kwa mkono mmoja. Sufu ni ndefu, inashikana, inamsubiri msokotaji. Alizima feni moja ili anisikie vizuri. Kisha akapanda ngazi, akashusha mfuko wa plastiki kutoka rafu ya juu kabisa, umejaa vumbi.

Nilichomoa kishungi, nikakisogeza sikioni, nikakivuta kwa nguvu. Sufu iliyokauka vibaya hutoa sauti ya kukatikakatika. Hii ilitoa mlio mmoja tu, safi. Nikainusa, hakuna uvundo. Nikaichambua kutafuta nondo, maana joto hili ndilo wanalolipenda, wanakula sufu kama wamealikwa. Hakukuwa na hata mmoja.

"Babu unanunua sufu au unanunua ng'ombe?" mama yule akauliza. Lakini alinifungia vizuri, na akanipa salamu nimpelekee dada yangu asiyemfahamu.

Niliporudi sikumzungusha mama yako. Niliketi pembeni ya kitanda, nikamwekea vipande viwili kwenye kiganja cha kushoto, kimoja cha zamani na kimoja kipya, nikamwambia avifungue huku nikimshikia ncha. Alinitazama kama mtu anayetaka kunifukuza. Akafungua wa kwanza. Akafungua wa pili. Akarudia.

Akaviweka mapajani, kando ya ule mkono wa kulia, akautazama. Nilidhani nimemvunja moyo kabisa, kwamba nimemthibitishia kuwa mkono aliokuwa nao hautarudi.

"Kumbe," akasema hatimaye. "Kaka, miaka yote hii unajiita mwalimu, na mwanangu amekuja kuniona mchovu kwa sababu wewe hujui kulia na kushoto?"

"Hata wewe hukujua."

"Mimi ni mgonjwa. Nipe kijiti changu."

Amesokota asubuhi zote tangu hapo. Jana alitoa donge la kutosha, nikaligawa mara mbili, nikaunganisha kwa kugeuza kulia, polepole, yeye akiwa amenikodolea macho kama msimamizi wa mtihani. Jasho lilinitoka, na si la joto tu. Uzi ukafika mwisho bila kukatika. Mama yako alinyoosha mkono wa kulia, ule mgeni, akaugusa kwa vidole viwili, akaubana.

Nilimpigia kaka yako jioni hiyohiyo, nikamweleza yote. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mjomba, uzi ni uzi. Bafu ni bafu. Nasubiri neno la dada." Na hapo ndipo tulipo. Chumba kimepakwa rangi, gari limepangwa, na neno limebaki la kwako.

Sitaki nikusukume kwa machozi. Hofu ya kaka yako ni ya haki, na nimeifanyia kazi: fundi wa kiwanda cha mbao amefunga ubao imara wa kushikilia bafuni, na yule binti wa jirani anayefua nguo amekubali kuja kila siku mama yako anapooga. Sikuahidi kwamba hatateleza tena. Siwezi kuahidi hilo, na hata ghorofani hakuna anayeweza. Ninachojua ni kwamba siku zile kijiti kilipokaa nyuma ya pazia, nilikuwa ninaishi na mtu anayeondoka polepole huku amekaa kitini. Ninakuomba umwambie kaka yako asubiri msimu huu wa joto uishe. Akija wakati huo akaona hali imerudi nyuma, mimi mwenyewe nitabeba begi la mama yenu mpaka kwenye gari.

Ndani ya bahasha utakuta kipande cha uzi. Ni wake wote, nyuzi mbili za kushoto. Amekikata mwenyewe kwa meno, kwa sababu mkasi bado unamshinda, na sitaki nikufiche hilo. Kizungushie vidole vya mikono yako miwili, ukivute kwa nguvu zote ulizo nazo. Kisha mpigie kaka yako umwambie ulichokiona, hata kama ni kinyume cha ninachokitaka.

Msalimie sana mkwe wangu, na mbusu mjukuu kwenye shavu lisilo na jino linalouma. Bibi Nyoosha, ambaye sasa anaruhusiwa tena kuingia, anakusalimu. Mama yako hajaniambia nikusalimie. Amesema salamu zake ziko kwenye bahasha. Mungu awalinde nyumbani kwenu, na kila anayelala humo aamke salama.

Ni mimi nikupendaye daima, ninayengoja sauti yako,

Mjomba